Draiva ya Kadi ya Michoro kwenye Linux: Ichukue Kwenye Ghala Rasmi

Kwa nini tumetoa kijitabu hiki

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zenye nguvu lakini zisizotimiza masharti ya Windows 11 zimehamishiwa Linux, na wenye nazo wameamua vyema. Hata hivyo malalamiko yanayotufikia yanafanana: mtu ameweka draiva ya kadi yake ya NVIDIA, kompyuta imefanya kazi vizuri kwa muda, kisha baada ya masasisho ya kawaida skrini imebaki nyeusi. Wengi huilaumu Linux, na wapo wanaorudi kwenye Windows isiyolindwa tena. Tunasema wazi: mara nyingi kosa si la Linux wala la kadi. Kosa ni mahali draiva ilikotolewa. Hapa tunatumia Ubuntu kama mfano.

Hatari yenyewe

Draiva ni programu inayoiunganisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kadi ya michoro. Mwenye kadi ya AMD au Intel kwa kawaida hana cha kutafuta, kwani draiva zake zimo ndani ya kerneli na katika Mesa, mkusanyiko wa programu huria za michoro, na huja pamoja na mfumo. Shughuli iko kwa NVIDIA. Draiva huria ya Nouveau huwasha skrini, lakini kadi nyingi hazitoi nguvu zake zote kwa draiva hiyo, ndipo mtumiaji anapotafuta draiva ya kampuni. Aliyezoea Windows huenda moja kwa moja kwenye tovuti ya NVIDIA na kupakua faili linaloishia na .run. Usifanye hivyo. Faili hilo hutengeneza moduli, yaani sehemu ya draiva inayoingia ndani ya kerneli, kwa ajili ya kerneli iliyopo siku ile. Ikija kerneli mpya, moduli ya zamani haiingii. Tena apt, programu inayosimamia vifurushi vya Ubuntu, haina habari na mafaili yaliyowekwa kwa njia hiyo, kwa hiyo haiwezi kuyasasisha wala kuyaondoa. Draiva ya ghala rasmi la vifurushi vya Ubuntu husafiri pamoja na mfumo: kerneli inapobadilika, moduli yake huletwa ikiwa tayari au hujengwa upya na DKMS, zana inayojenga moduli upya kila kerneli inapobadilika. NVIDIA yenyewe, katika maelezo ya faili lake, inakiri kwamba vifurushi vya mfumo husika huenda vikapatana vizuri zaidi na mfumo huo.

Utaratibu sahihi

Fungua terminali, andika `ubuntu-drivers devices` uone kadi yako na draiva zinazoifaa, kisha `sudo ubuntu-drivers install`. Amri hiyo hukuchagulia toleo. Kadi za GTX 900 na GTX 10 zinaishia tawi la 580, na za zamani zaidi zina matawi yake. Sasa soma kwa makini, maana hapa ndipo wengi hupuuza. Kompyuta yenye kinga ya Secure Boot, inayokagua saini za programu wakati wa kuwasha, inaweza kukutaka utunge nenosiri. Liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya, itatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu: bonyeza kitufe, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini), kubali, kisha ingiza nenosiri lile. Usiiache ipite. Ikipita, kerneli itaikataa draiva, nawe utadhani ni mbovu ilhali haijaidhinishwa. Mpangilio wa ukubwa wa picha na kasi ya skrini ufuate baada ya hapo. Skrini ikiganda kwenye 1024 kwa 768, usianze kuandika faili la mipangilio ya skrini, xorg.conf, kwa mkono. Kwanza andika `nvidia-smi` uhakikishe draiva inafanya kazi.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wanaosema faili la tovuti ni jipya zaidi. Ni kweli, huweza kuwa jipya, lakini upya bila matengenezo hudumu mpaka kerneli ijayo. Wengine wanasema faili hilo nalo huweza kusajiliwa kwenye DKMS. Ni kweli pia, ila apt itabaki bila habari nalo, na suala la saini ya Secure Boot litabaki mikononi mwako. Wengine wanashauri kuzima Secure Boot yote. Ushauri huo unaondoa kinga ya kompyuta nzima kwa sababu ya kifaa kimoja, na kwenye kompyuta yenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker unaweza kukulazimisha kutafuta ufunguo wa dharura ambao wengi hawajui waliuhifadhi wapi.

Ukishakwama

Usifute mfumo. Washa kompyuta, bonyeza Esc au shikilia Shift hadi menyu ya GRUB itokee, ingia Advanced options, uchague kerneli ya zamani. Ukishaingia, ondoa draiva ya tovuti kwa `sudo nvidia-uninstall`, kisha fuata utaratibu wa hapo juu. Njia hii inafanya kazi, na tunajivunia kuieneza kwa lugha ambayo kila mtumiaji wetu anaielewa. Tunarudia kwa mara ya mwisho: draiva itoke kwenye ghala rasmi, na skrini ya buluu isipitwe. Atakayepuuza maagizo haya mawili asishangae masasisho yajayo yakimwachia skrini nyeusi.