Mululuza Unatuliza Homa, Je, Unaua Malaria?

Homa ikiingia nyumbani, Nateete au Lungujja, mara nyingi mtu huanzia uani kabla ya kwenda zahanati. Majani ya mululuza yanachumwa, yanapondwa, yanakamuliwa, na mgonjwa anafumba macho na kumeza. Kesho yake akiamka hajambo, mululuza unasifiwa. Lakini malaria imekwisha?

Kupata nafuu si kupona. Malaria huletwa na vimelea, yaani vijidudu ambavyo mbu huviingiza kwenye damu. Matokeo ya jaribio la mululuza lililofanyika hapa Uganda yalichapishwa mwaka 2009. Wagonjwa wa malaria isiyo kali walikunywa dawa hiyo, na asilimia 67 wakapata nafuu. Damu ilipopimwa, kati ya hao waliopata nafuu ni asilimia 32 tu waliokutwa hawana vimelea tena, na kwa wengi wao vilirudi baadaye. Nafuu inaweza kuja hata vimelea vikibaki, kwa kuwa mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi mwili wake umejifunza kupambana nayo. Mtoto mdogo hana kinga hiyo, kwa hiyo usimfanyie majaribio.

Basi ufanye nini ukishikwa na homa? Pima kwanza. Kwa wakazi wa Lubaga, vituo vya serikali vya Kawaala na Kitebi viko karibu, na huko kipimo na dawa za malaria ni bure. Hospitali ya Lubaga ni ya kanisa, utalipa. Uliza bei kabla. Wakikuandikia Coartem, dawa ya malaria, unameza mara mbili kwa siku kwa siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Kama umeshakunywa miti shamba, mwambie daktari bila aibu. Mgonjwa akipata degedege, akitapika kila kitu, akashindwa kunywa au akapoteza fahamu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kusema upime kwanza hakuna maana kwamba wazee walikosea. Coartem yenyewe ina dawa iliyotokana na mmea, artemisia wa China. Mwaka 1972 mtafiti Tu Youyou na wenzake walifanikiwa kutoa kiini chake. Kitabu cha kale kilimfungulia njia: kiliagiza majani yalowekwe kwenye maji kisha yakamuliwe, naye akatambua kwamba moto mkali ulikuwa ukiharibu dawa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Usikimbilie chai ya artemisia, hata hivyo: Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwa kuwa kiasi cha dawa kwenye kikombe hakitabiriki.

Na kama familia yako ina mti wake? Ipo taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili, wengi huiita NCRI, pale Wandegeya. Nenda na tawi lenye majani, na maua yakiwepo, ili mti utambuliwe kwa jina lake la kitaalamu. Majina ya mtaani huchanganya. Eleza unavyoandaa: unachemsha au unaloweka, kwa muda gani, kikombe kipi. Gharama uliza mapema. Kazi huanzia kwenye chupa, dawa ikijaribiwa dhidi ya vimelea vilivyofugwa kwenye damu, halafu kwa panya, kuona kama inaua vimelea na kama ina sumu. Hapo wengi hukata tamaa, maana dawa nyingi zinazoua vimelea kwenye chupa hushindwa mwilini. Kwa binadamu ni mpaka kamati ya maadili ikubali, na NDA, mamlaka ya dawa, itoe kibali. Ukiombwa kushiriki, lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa, na unaweza kujitoa wakati wowote.

Jambo moja wengi hulisahau. Kabla hujaitoa siri ya mti wa babu, dai makubaliano ya maandishi: nani atatajwa kuwa chanzo, na faida ikija itagawanywaje. Usitie sahihi siku hiyo hiyo. Rudi nayo nyumbani, yasomeni na ndugu zako, na nakala yako ibaki kwako.