Mvua ya Bukoba na tiketi ya Muscat

*Mshauri, nilikata tiketi ya Bukoba hadi Dar es Salaam kwa shirika moja, na ya Dar hadi Muscat kwa shirika jingine, niende kumwona binti yangu aliyejifungua. Pale Bukoba tulikaa saa tano kwa sababu ya mvua, bila kuelezwa lolote. Nilipofika Dar, ndege ya Muscat ilikwishaondoka. Sasa kila shirika linanituma kwa mwenzake. Nani anilipe? – Bibi wa Muleba*

Bibi, pole sana, na hongera kwa mjukuu. Unayo madai ya haki, ila umeyaelekeza siko. Unalilia kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe hakuna kosa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua hapo hapo Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa 19. Rubani anayesubiri mvua ipite anastahili shukrani, hata kama safari yako imeharibika.

Utaniuliza, mbona Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imeuridhia, unalibebesha shirika hasara ya kuchelewa hadi lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua iliyostahili? Ni kweli, lakini mkataba huo ni wa safari za kimataifa. Zitazame tiketi zako: kila moja ina namba yake ya herufi sita, na namba hizo hazifanani. Ungekatiwa tiketi moja toka Bukoba hadi Muscat, kipande cha Bukoba kingehesabiwa ndani ya safari ya kimataifa. Ulivyokata wewe, shirika la kwanza liliahidi kukufikisha Dar tu, na la pili halikuwa na habari kwamba umekwama Kagera. Najua tiketi moja mara nyingi ni ghali zaidi. Ile nyongeza ndiyo inayonunua dhamana.

Kosa halisi ni kile kimya cha saa tano. Tiketi nyingi hukubali kubadilishwa tarehe kwa faini kabla ndege haijaruka. Ikisharuka bila wewe, unaandikwa kuwa hukutokea, na nauli yaweza kupotea yote. Ungeambiwa katika saa ya kwanza kwamba leo ni ya kusubiri, ungempigia wakala wako ungali umeketi Bukoba. Shirika litajibu kwamba hakuna awezaye kutabiri mvua. Sawa, lakini kusema "bado hatujui, piga simu zako" hakuhitaji utabiri. Hiyo ndiyo hoja ya kuandika.

Basi liandikie shirika la kwanza, utaje saa mliyoahidiwa kuondoka, saa mliyoondoka, na kwamba hamkutangaziwa kitu. Lisipojibu, peleka nakala Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kwa baraza lake la ushauri la watumiaji wa huduma za anga. Kwa shirika la pili, omba kodi za kiwanja cha ndege. Mashirika mengi huzirudisha kwa tiketi isiyotumika. Safari ijayo, kama ni tiketi mbili tena, lala Dar usiku mmoja. Na kadi ya kupandia ndege ya Bukoba usiitupe, bibi: ndiyo ushahidi wako.