Kufundisha Uainishaji wa Viumbe: Funzo la Magadi

Mwalimu mwanafunzi anapofundisha uainishaji wa viumbe, mara nyingi huorodhesha majina ubaoni na kuwataka watoto wayakariri. Njia hii humnyima mtoto jambo lililo kuu, yaani sababu ya kiumbe kuwekwa katika kundi lake.

Tutazame mfano. Magadi yanayolainisha maharage jikoni hujulikana na watoto wengi. Katika Ziwa Magadi, nchini Kenya, yamechimbwa kwa matumizi ya viwanda kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1984 wataalamu Tindall, Ross na Grant walieleza vijiumbe vipya vya ziwa hilo, kimojawapo wakakiita *Natronobacterium magadii*. Hawakutosheka na umbo lake la kijiti. Walichunguza pia mahitaji yake ya chumvi na magadi, pamoja na mafuta ya utando wake. Mafuta hayo hayakuwa ya bakteria, bali ya arkea, kundi ambalo Woese na Fox walilitenga mwaka 1977. Basi jina lake linataja bakteria, ilhali chenyewe si bakteria! Mwaka 1997, baada ya chembe za urithi kulinganishwa, kilihamishiwa jenasi ya *Natrialba*. Neno *magadii* likabaki.

Mwalimu aliye mazoezini Dumila anaweza kufundisha jambo hili bila hadubini.

Vifaa: mahindi meupe, maharage meupe, mtama mwekundu na maharage mekundu kutoka sokoni, vilivyolowekwa usiku kucha.

Hatua ya kwanza: Kila kikundi kigawe mbegu kipendavyo na kutaja sababu. Wengi watafuata rangi. Mwalimu asiwakosoe.

Hatua ya pili: Watoto wamenye mbegu na kuzichunguza. Haragwe hugawanyika vipande viwili. Punje ya hindi na ya mtama hazigawanyiki hivyo.

Hatua ya tatu: Waulizwe, "Je, makundi yenu yabaki yalivyo?" Wanaobadili waeleze ushahidi uliowabadilisha.

Tathmini: Mpe mtoto mbaazi iliyolowekwa, aipangie kundi. Alama itolewe kwa sababu anayoitoa, si kwa jina tu.

Mwalimu asione haya mtoto anapofuta jibu lake la kwanza. Aliyefuta kwa ushahidi amejifunza sayansi; aliyekariri bila kuhoji amejifunza majina tu.