Bei ya omena iandike, mdogo wangu

Wadogo zangu, leo najibu mmoja wenu wa Nyalenda, hapa Kisumu, anayeandika maisha yake mtandaoni. Anaandika aliyoyasikia ndani ya tuk-tuk, mvua ilivyowakuta watu sokoni Kibuye siku ya Jumapili, video ya kustaajabisha aliyotumiwa usiku. Wasomaji wake ni wachache, na shangazi yake amemwambia anamaliza bando bure. Anauliza mambo mawili. Je, aachane na hayo madogo aandike mambo mazito? Na je, abadilishe tena sura ya ukurasa wake ili watu waje?

Nyaminwa, dada yetu, usiyaache. Wengi wenu mlikuwa wadogo mno mwaka 2008, kwa hiyo acheni niwasimulie habari ya Ory Okolloh. Ni mwanasheria, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika mtandaoni kwa jina la Kenyan Pundit, akitoa maoni yake kwa sauti yake. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, Kisumu ikawa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakawa wanamwandikia Ory kumpa habari za kwao. Tarehe 3 Januari 2008 aliandika wazo fupi: hakuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi? Katika siku chache ramani hiyo, ikiitwa Ushahidi, ikawa hewani. Aliianzisha pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Hersman alikuwa akiandika kwa jina la White African, na Rotich kwa jina la Afromusing.

Ninachotaka mkione hapo ni zile siku za kawaida zilizotangulia. Watu hawa walifahamiana kwa kusomana wakati hakuna lolote la kutisha. Msomaji aliyekuzoea ukisimulia mambo ya kila siku ndiye atakayekuamini siku ukimwambia maji yameingia nyumbani. Imani hiyo haipatikani kwa dharura.

Na hayo madogo, mdogo wangu, hapa kwetu yanapotea upesi mno. Vile vibanda vya samaki vya Lwang'ni kando ya ziwa, tulikokula ngege na ugali kwa mikono mpaka jasho likatutoka, vilibomolewa bandari ilipokuwa inafufuliwa. Leo ukitaka kujua sahani iliuzwaje, nani alikaanga na nani alipika mchuzi, utategemea aliyeandika. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, maji yalifika mahali ambapo watoto wa bichi ya Dunga walikuwa wakichezea mpira. Aliyeandika siku hiyo kwamba maji yamegusa mti fulani alituachia kipimo. Basi andika kopo la gorogoro la omena linauzwaje leo, kisha uandike tena msimu wa kuvua omena ukifungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Weka tarehe na jina la soko. Mama anayeuza samaki ataelewa maandishi hayo kuliko hotuba yoyote ya uchumi.

Sasa tuje kwenye sura ya ukurasa. Badilisha ukipenda, ni nyumba yako, paka rangi. Ila wasomaji wako wanakusoma kwenye simu, wengi kwa bando la siku moja. Picha nzito na mapambo yanayochezacheza yanawalia pesa kabla hawajafika kwenye sentensi yako ya kwanza. Punguza ukubwa wa picha, acha maandishi meusi kwenye nyeupe, na usibadilishe anwani za kurasa zako za zamani, maana aliyemtumia rafiki yake kiungo mwaka jana atakuta mlango umefungwa.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi kuliko rangi ni hili: mnaandika kila kitu kwenye majukwaa ya wenyewe na hamuweki nakala. GeoCities ilikuwa na kurasa za watu kwa mamilioni, na Oktoba 2009 Yahoo ikaifunga. Mwaka 2019 MySpace ikakiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016 huenda zimepotea kabisa. MySpace hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanahamisha mitambo. Dawa ni kumiliki chako mwenyewe. Asenath Bole Odaga alikuwa mwandishi wa hapa kwetu ambaye hakutaka kutegemea wachapishaji wa Nairobi peke yao. Mwaka 1982 alianzisha Lake Publishers hapa hapa Kisumu, akachapisha vitabu kwa Kiingereza na kwa Dholuo. Natamani kila mmoja wenu awe na moyo ule. Ukipata pesa kidogo, sajili anwani yako. KENIC, wanaosimamia majina yanayoishia na .ke, wametenga .me.ke kwa kurasa za watu binafsi. Ukiwa huna pesa, kila mwisho wa mwezi nakili maandishi yako uyahifadhi pengine, na uingize anwani ya ukurasa wako kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Ni bure. Ukiwa huko, tafuta tovuti za Kenya za mwanzoni mwa miaka ya 2000 uone zilivyokuwa. Utapoteza jioni nzima, na itakuwa jioni nzuri.

Vile vioja unavyookota mtandaoni, vishiriki, lakini sema umevitoa wapi. Picha ya mbuta mkubwa kuliko mvuvi wake huzunguka kila mara ikidaiwa ni ya ziwani kwetu. Itafute kwanza kwa Google Lens, mara nyingi utaikuta ilikotoka.

Limebaki moja, nalo silipiti haraka. Maisha yako yamejaa watu wengine. Tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mtoto wa jirani hapigwi picha ukaiweka kwa sababu tu anapendeza. Nafikiria hasa wanawake wa bichi. Ukiandika juu ya jaboya, ile desturi ya mama kulazimishwa kumpa mvuvi mwili wake ili apate samaki wa kuuza, usimtaje mama huyo jina, usionyeshe leso yake, usitaje bichi kama wachuuzi wake wanahesabika. Hapa kwetu watu wanamtambua mtu kwa beseni lake. Na kabla hujachapisha, rudi kwake umsomee ulichoandika, kwa Dholuo kama ndiyo lugha anayoitumia nyumbani, polepole, mkiwa wawili tu. Akisema ondoa hapa, ondoa. Akisema usichapishe, usichapishe, hata kama ni andiko zuri kuliko yote uliyowahi kuandika.