Kimya cha Pipa: Lini Divai ya Zabibu Ifungwe Kwenye Chupa

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Anayetengeneza divai nyumbani kwa mchuzi wa zabibu za Machi ana mtego wake. Ikifika Juni na Julai, usiku wa nyanda hizi hushuka hadi karibu nyuzi 13. Hamira husinzia, mapovu hukoma, pipa hunyamaza kama limemaliza kazi. Ukifunga chupa hapo, joto la Oktoba litaiamsha hamira, na sukari iliyobaki itageuka gesi isiyo na pa kutokea. Nilipoteza chupa 9 kwa njia hiyo. Vipande vya kioo nilivikuta hadi upande wa pili wa chumba. Tangu siku hiyo sikiamini kimya cha pipa.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Nunua haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Sukari ikiwa nyingi huelea juu, ikipungua huzama. Mchuzi wa zabibu zilizoiva vizuri, ziwe za Hombolo au Mpunguzi hapa Dodoma, mara nyingi huanza kati ya 1.080 na 1.095. Divai iliyokwisha sukari husoma kati ya 0.990 na 0.996, yaani chini ya namba ya maji, kwa sababu kilevi ni chepesi kuliko maji.

Kabla ya kusoma, mimina sampuli kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kadhaa ili gesi itoke. Mapovu yakishika kipimo hukiinua na kukudanganya. Angalia pia joto. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na divai ya nyuzi 30 husoma pungufu kwa karibu 0.002. Andika namba na tarehe kwenye daftari, rudia kila wiki. Namba ikisimama palepale mara tatu mfululizo, nenda hatua inayofuata. Usiende kwenye chupa bado.

Hatua ya 2: Jaribio la joto

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo iliyoniokoa. Namba iliyosimama haikuambii kama sukari imekwisha au hamira imelala tu. Chukua sampuli ya kutosha kupima, iweke kwenye chupa safi ya kioo, tia hamira kidogo sana, funika mdomo kwa kitambaa bila kukaza. Iweke mahali penye nyuzi 25 hadi 28 kwa siku 5. Usiku izungushie blanketi. Itikise kidogo asubuhi na jioni, kisha pima.

Ikishuka zaidi ya 0.002, pipa lako halijamaliza. Lihamishie chumba chenye joto, koroga mashapo taratibu bila kuingiza hewa, ungoje. Isiposhuka, huo ndio mwisho wake, hata kama namba ni kubwa kuliko ulivyotarajia. Wengi wetu hutumia hamira ya mkate, nayo mara nyingi hukata tamaa mapema. Ukitaka kujua kilevi kilichopatikana, toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131. Iliyoanza 1.090 ikaishia 1.015 ina karibu asilimia 10.

Hatua ya 3: Macho na pua

Weka glasi mbele ya tochi. Divai nyekundu iliyo tayari hupitisha mwanga kama kito. Yenye ukungu mara nyingi bado ina hamira inayoelea. Ihamishe kwa mpira kwenda chombo kingine, mashapo yabaki chini, chombo kijae hadi shingoni. Usiichuje kwa kitambaa, kwani hewa itakayoingia ndiyo mwanzo wa siki.

Harufu ya mayai viza mara nyingi hupungua baada ya kuhamisha na kungoja. Harufu ya siki hairudi nyuma. Hiyo tumia jikoni.

Hatua ya 4: Sukari ibaki nje ya chupa

Wanywaji wengi hapa wanapenda divai tamu, na kishawishi cha kuongeza sukari siku ya kufunga ni kikubwa. Usifanye hivyo. Hamira chache zilizosalia zinatosha kuanza upya. Anayetaka utamu aongeze kwenye glasi yake.

Hatua ya 5: Weka mlinzi

Siku ya kufunga, jaza na chupa moja ya plastiki ya soda kwa divai hiyohiyo. Ibonyeze kila wiki. Ikibaki laini, chupa za kioo ziko salama. Ikikakamaa, funika zile nyingine kwa kitambaa kizito, zipoze kwenye friji, kisha zifungue moja moja, uso ukiwa mbali.

Yote haya ni kwa divai ya nyumbani. Ya kuuza inahitaji leseni na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa hesabu yangu, mchuzi wa Machi usifungwe kabla ya Novemba, joto likiwa limeshaujaribu. Wa Agosti, ambao huchachia huku joto likipanda, unaweza kufungwa Januari.