KUTELEZA SI KUANGUKA: SOMO KUTOKA MILIMA YA JAPANI

Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hii ni ya kuwafariji waliofeli mtihani tu. Kumbe kuna watu huko Japani wanaoifuata neno kwa neno, tena wakiwa ndani ya gari, kwenye kona, mlimani!

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya jambo lililotupata nyumbani. Kaka yangu alikuwa dereva wa pikapu ya duka moja la vifaa vya ujenzi huko kwetu Molo. Jioni akishatoka kazini hakuwa na burudani nyingine ila kutazama kwenye simu video za magari ya Kijapani yakipita kona kwa ubavu, moshi wa tairi ukifuka kama moshi wa kuni mbichi. Basi siku moja ya mvua ya masika, akirudi bila mzigo, alifika kwenye kona ya murram akavuta breki ya mkono. Pikapu iligeuka, ikatazama ilikotoka, kisha ikalala mtaroni. Kaka alivunjika mguu, kazi ikaota mbawa, na akiba aliyokuwa ameniwekea ya karo ikaishia kwa fundi wa bodi. Muhula wa pili nilikaa nyumbani majuma mawili.

Nilipomtembelea hospitalini aliniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, wale Wajapani wanatumia uchawi gani?" Nilirudi shuleni na swali hilo nikampelekea Mwalimu wetu wa Fizikia. Makala haya ndiyo jibu langu kwa kaka, na kwa yeyote kati yenu anayeota kujaribu.

1. Nani anasukuma, nani anaongoza?

Hebu tuanze na mkokoteni. Mkokoteni waweza kuuvuta ukiwa mbele au kuusukuma ukiwa nyuma. Magari nayo ni hivyo hivyo. Magari mengi madogo ya siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele, yaani magurudumu yale yale yanayogeuzwa na usukani ndiyo yanayopewa nguvu ya injini. Mengine husukumwa na magurudumu ya nyuma: ya mbele huongoza, ya nyuma husukuma. Pikapu nyingi na matatu nyingi za Kenya ni za aina hii ya pili.

Sasa sikilizeni siri yenyewe. Tairi ni kama mwanafunzi aliyepewa shilingi 100 za matumizi. Pesa hizo ni msuguano kati ya mpira na barabara. Akitumia nyingi kwa mandazi, za daftari hupungua. Tairi nalo likitumia msuguano mwingi kusukuma gari, unaobaki wa kulishika gari lisiende kando ni mdogo. (Mwalimu alinikanya kuwa hesabu halisi si ya kujumlisha na kutoa tu, lakini mfano watosha.) Kwa hiyo dereva wa gari linalosukumwa nyuma anaweza, kwa kukanyaga mafuta, kuyamaliza matumizi ya tairi za nyuma hadi ziserereke, huku za mbele zikiwa bado na akiba ya kuongoza.

2. Magari yenyewe

Gari linalosifiwa kuliko mengi ni Toyota AE86, lililouzwa Japani kwa majina ya Corolla Levin na Sprinter Trueno tangu mwaka 1983 hadi 1987. Wajapani huliita Hachi-Roku, maana yake "nane-sita". Halikuwa gari la matajiri. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 yenye vali 16, na uzito wake haukufika tani moja. Wakati huo ndugu zake wengi wa ukoo wa Corolla walikuwa wanahamia kwenye magurudumu ya mbele, lakini lenyewe likabaki kusukumwa nyuma. Kijana wa mshahara mdogo aliweza kulinunua likiwa kuukuu na kujifunzia.

Baadaye ikaja Nissan Silvia: S13 mwaka 1988, S14 mwaka 1993, na S15 mwaka 1999 hadi 2002. Mazda nayo ilikuwa na RX-7, ambayo injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka bali rota za pembe tatu zinazozunguka. RX-7 ya mwisho ilitengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002. Hata magari ya wazee wenye heshima zao, kama vile Toyota Mark II na Chaser, yaliingia mchezoni, kwani yalikuwa na injini ndefu mbele na msukumo nyuma.

3. Walimu na wanafunzi wao

Mchezo huu haukuanzishwa na wahuni, wenzangu. Mmoja wa waasisi wake ni Kunimitsu Takahashi, Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, mwaka 1961. Alipohamia kwenye magari alijulikana kwa kuingia kona akiwa na kasi kubwa, gari likiserereka kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho. Tairi za enzi hizo hazikushika lami kama za leo.

Kijana mmoja wa Nagano aitwaye Keiichi Tsuchiya, aliyezaliwa mwaka 1956, alivutiwa na mtindo huo akaufanyia mazoezi kwenye barabara za milimani ambazo Wajapani huziita touge. Mwaka 1987 ilitoka video iitwayo Pluspy ikimwonyesha Tsuchiya na Hachi-Roku yake, na vijana wengi wakaiga. Hadi leo huitwa mfalme wa drifti.

Lakini hapa ndipo palipo na funzo. Mwaka 1995, Takahashi na Tsuchiya walishirikiana na Akira Iida katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, wakashinda katika daraja lao la GT2 wakiendesha Honda NSX. Mtu asiyejua kulitawala gari hawezi kushinda mbio za mchana kutwa na usiku kucha. Ule mserereko tunaouona kama fujo ulikuwa matunda ya mazoezi ya miaka mingi.

Mwaka huo huo wa 1995 Shuichi Shigeno alianza kuchapisha hadithi ya picha iitwayo Initial D. Ndani yake kijana wa shule hupeleka tofu alfajiri kwa Hachi-Roku, na baba yake amemwekea kikombe cha maji garini ambacho hakitakiwi kumwagika. Ni hadithi tu, naam, lakini mama zetu waliobeba ndoo kichwani kutoka mtoni watalielewa somo hilo upesi: anayeweza kwenda haraka ni yule ambaye maji yake hayamwagiki.

4. Mserereko hufanywaje?

Kwanza, dereva hupunguza mwendo na kuingiza gia inayofaa kabla ya kona. Pili, hulegeza mshiko wa tairi za nyuma: kwa kupiga klachi teke la ghafla injini ikiwa inanguruma, au kwa kuvuta breki ya mkono, au kwa kulitupa gari upande mmoja kisha upande wa pili ili uzito uhame. Tatu, mkia ukishatoka nje, hugeuza usukani kinyume cha kona. Kona ikiwa ya kulia, usukani huenda kushoto! Nne, hutumia mguu wa mafuta kuamua mkia utoke kiasi gani. Tano, huacha kidogo kidogo gari linyooke. Akichelewa kurudisha usukani, gari humchapa upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Isitoshe, gari lenyewe hutayarishwa. Difu ya kawaida huliachia gurudumu moja lizunguke ovyo, kwa hiyo hufungwa difu inayoyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja.

Sasa mlinganishe kaka yangu. Pikapu yake haikuwa na mzigo, maana yake sehemu ya nyuma ilikuwa nyepesi. Tairi zilikuwa vipara. Difu ilikuwa ya kawaida. Murram ilikuwa imelowa. Mkia ulipotoka aliogopa, akakanyaga breki na kugeuza usukani kule kule kona iliko. Mwalimu alipomaliza kuyaandika hayo yote ubaoni alinigeukia akasema, "Kijana, hapo hapakuhitaji uchawi wala kukosa uchawi. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla ya kona."

5. Kutoka barabarani hadi uwanjani

Wajapani wenyewe walijifunza kwa uchungu kwamba barabara ya umma si uwanja. Watu waligongana milimani, polisi wakawaandama, na baadhi ya kona zikawekewa matuta madogo ya kuwazuia. Ndipo mchezo ukahamishiwa viwanjani, kama ule wa Ebisu katika mkoa wa Fukushima. Mwaka 2001 Tsuchiya na Daijiro Inada walianzisha mashindano ya D1 Grand Prix, na mwaka 2004 Wamarekani wakaanza msimu wa kwanza wa Formula Drift. Huko mshindi hatafutwi kwa saa, kwani tairi linaloserereka kwenye lami hushika kidogo kuliko linalobingirika. Waamuzi hutazama mwendo, pembe ya gari, njia aliyoipita dereva na umaridadi wake. Madereva huvaa kofia ngumu, na gari la kuzima moto liko tayari.

6. Neno kwa wanachama

Sisi ni Chama cha Kiswahili, basi tusiiache lugha nyuma. Mchezo huu Wajapani huuita dorifuto, neno walilolitoa katika Kiingereza wakaliongezea irabu, kama sisi tulivyofanya kwa breki. Mimi napendekeza tuuite mserereko. Kuteleza ni jambo linalokupata. Kuserereka waweza kukufanya kwa hiari yako, kama watoto wanavyoserereka mlimani kwa makuti au magome ya migomba. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya Tsuchiya na kaka yangu.

Kaka sasa anatembea, ingawa mguu humuuma wakati wa baridi. Amepata kazi kwa fundi mmoja wa magari, na kazi yake kubwa ni difu. Nilipomsomea makala haya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Waandikie pia kwamba ni karo yako niliyoiserereshea mtaroni." Nimeandika.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni gumu kuserereka kwa nguvu ya injini?
(b) Taja makosa manne katika safari ya pikapu ya kaka yangu.
(c) Tunga sentensi mbili kubainisha tofauti ya "kuteleza" na "kuserereka".