Injini ya boti inasumbua kuwaka? Anza na mafuta, kisha plagi

Injini inayowaka leo kwa mvuto mmoja na kesho ikataka kamba ivutwe mara ishirini ni ya hatari, kwa sababu mwenyewe huizoea. Ikikataa ufuoni, hasara ni muda tu. Ikizimwa nje ya Shela ili nyavu zivutwe, kisha ikakataa maji yakipwa, mkondo huichukua boti kuelekea bahari kuu.

Kabla ya kusi kushika nguvu, wavuvi na manahodha wa Kaunti ya Lamu wanahimizwa kuchunguza injini zao kwa utaratibu. Kubadilisha vifaa kwa kubahatisha hula pesa na ugonjwa ukabaki palepale. Angalia kitu kimoja, jaribu kuwasha, ndipo uende kwa kingine.

Hatua ya 1: Yasiyohitaji spana

Hakikisha gia iko nyutro na klipu ya kamba ya kuzimia imekaa mahali pake. Fungua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, injini huwaka, hutembea dakika chache, kisha huzima.

Minya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta hadi iwe ngumu. Mshale wake uelekee kwenye injini. Isipokuwa ngumu, tafuta ufa kwenye mpira, kiungio kilicholegea au mahali mafuta yanapovuja. Choki ni ya injini iliyo baridi. Ukiivuta injini ikiwa moto, mafuta hufurika.

Hatua ya 2: Mafuta

Toa petroli kidogo kutoka chini ya tangi, uiweke kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yakiwemo yataonekana chini. Ukiyaona, mwaga mafuta hayo mahali salama, safisha tangi na filta. Petroli iliyokaa miezi huacha utando kama gundi ndani ya kabureta.

Injini nyingi za zamani za stroku mbili huchanganyiwa oili. Kipimo cha 50 kwa 1 ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, lakini zipo zinazohitaji oili zaidi. Fuata kitabu cha injini yako.

Hatua ya 3: Plagi

Vuta kamba mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: kagua filta, pampu ya mafuta na kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini yamefurika au moto haupo. Ikaushe, isafishe au weka mpya yenye namba ileile. Injini ikikataa bado, fundi apime koili, swichi na nyaya, kwani chumvi hula viungio. Usipime moto wa plagi karibu na petroli iliyomwagika.

Injini ikitembea tu wakati mtu anaendelea kuminya pampu ya mkono, mara nyingi pampu ya mafuta ya injini imechoka. Kamba ikiwa nyepesi kuliko kawaida, huenda pistoni na ringi zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kabla ya kuondoka

Jaribu injini ikiwa na maji ya kuipoza. Ikiwashwa pakavu, mpira wa pampu ya maji huungua upesi. Washa, iache ipate moto, zima, kisha washa tena. Ikikataa mara hii ya pili, usitoke.

Beba makasia, nanga yenye kamba ndefu, plagi ya akiba na spana yake, pamoja na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo. Waambie BMU ya ufuo wako unakokwenda na saa unayotarajia kurudi, ili ukichelewa wajue pa kuanzia kukutafuta.